Pumziko Letu Lisiwe Kiu ya Jirani



Najua wengine mnasoma ujumbe huu mkiwa kwenye matatu mkirudi nyumbani, miguu imevimba na kichwa kinauma. Wengine mko zamu ya usiku. Nawasalimu katika jina la Yesu. Leo ujumbe ni mrefu. Usome pole pole, na ukichoka weka simu chini, utaumalizia kesho.

Tangu Jumapili nimepokea maswali mengi. "Mchungaji, mbona umesimamisha mjengo wa kule Makueni? Tulichanga, mchoro tukauona, fundi amepatikana. Kuna nini?" Wengine mmeuliza kwa upole, wengine mmeuliza kama watu waliotoa pesa zao, na mna haki. Kwanza niseme hili: pesa zenu ziko salama. Mweka hazina atasoma hesabu yote mbele ya kanisa Jumapili hii. Sasa niwaeleze kilichonitokea.

Mnakumbuka tulichotaka. Tulitaka mahali pa faragha kijijini, mtu aliyechoka na Nairobi aende siku mbili au tatu, alale, aombe, ale chakula cha shamba, arudi akiwa mzima mwili na roho. Susu mmoja mjane, mshirika wa tawi letu la kule, akatupa ekari tano kwenye mteremko wenye chemchemi na mkuyu mkubwa. Kamati ikachora. Ukumbi wa watu 500. Vyumba vya ghorofa. Bwawa la kuogelea ambalo tungelitumia pia kubatizia. Kabro kutoka langoni mpaka mlangoni. Jenereta. Kisima kirefu cha mashine. Na vyote hivyo viliwekwa karibu na chemchemi, kwa sababu hapo ndipo penye mandhari mazuri.

Sitawalaumu wanakamati. Mchoro ule niliutia sahihi mimi mwenyewe. Niliupenda. Nilijiona nikikata utepe.

Halafu presha ikanipanda. Daktari akasema pumzika, na mama mchungaji akasema hilo si ombi. Nikaenda kule shambani kabla ya fundi yeyote kufika, nikalala nyumbani kwa susu usiku mbili. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja, giza bado, nikasikia watu wakiongea chini chini. Nikatoka. Walikuwa akina mama wamepanga mitungi ya lita 20 kwenye chemchemi, kila mmoja akingoja zamu yake. Hakuna aliyesukumana. Wengine walikuwa wameniona kwenye simu zao nikihubiri. Wakanisalimu kwa heshima, wakaendelea kuchota.

Jioni susu akaniuliza swali moja. "Mwanangu, mkishachimba na kujenga hapo, sisi tutachota wapi?"

Wapendwa, nimehubiri miaka mingi. Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nimesimamisha. Na haya ndiyo maoni yangu, nayasema wazi ili mnipinge mkitaka: mahali pa mapumziko panaponyang'anya jirani maji, kivuli na usingizi si mahali pa mapumziko. Hata tukipaka rangi nzuri na kuandika jina la Mungu langoni, itakuwa ni sisi kupumzika kwa jasho la mwingine. Ezekieli 34 inawakemea kondoo wanene ambao, baada ya kunywa maji safi, wanayavuruga kwa miguu yao na kuwaachia wenzao matope. Nilipousoma mlango ule nikiwa kule, niliona mchoro wetu.

Sasa tufanyeje? Tuache kujenga? Hapana. Tujenge, lakini turudi kwa Mungu tumuulize Yeye humpumzishaje mtu. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anataka kufa. Mungu hakumpeleka kwenye ukumbi wala hakumwanzishia semina. Alimpa vitu vinne: kivuli cha mti mmoja, usingizi, mkate uliookwa kwenye mawe ya moto, na gudulia la maji. Akalala tena, akala tena. Kwa nguvu hiyo akatembea siku 40. Mafundisho yalikuja baadaye kule Horebu, tena kwa sauti ndogo sana.

Kivuli, maji, usingizi, chakula. Huo ndio mchoro wangu mpya. Nipitie kimoja kimoja.

KIVULI

Makueni iko karibu sana na ikweta. Jua linapita karibu juu ya vichwa vyetu, na linachoma zaidi upande wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Kwa hiyo nyumba ikae kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha yawe huko. Paa litokeze mbele lifanye veranda. Chini ya mabati kuwe na dari na nafasi ya hewa moto kutokea juu. Ukifanya hivyo huhitaji feni wala mashine ya kupoza hewa. Nyumba za mjini zinatuchemsha kwa sababu tulisahau mambo haya madogo.

Kuta tufanye za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yenye saruji kidogo, yakakaushwa bila kuchomwa. Matofali ya kuchoma yanakula kuni, na kuni ni miti ya mtu. Mchanga nao tuutumie kwa hesabu. Nyinyi watu wa Makueni mnajua mchanga wa mto si takataka. Mto ukikauka juu, maji bado yamo ndani ya mchanga, na ndiyo maana watu wa Machakos na Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga miaka mingi. Kaunti ya Makueni ilifikia kutunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Kanisa lisiwe lori la usiku.

Na badala ya ghorofa, tujenge vyumba vidogo vilivyotawanyika katikati ya miti iliyopo. Pale penye mti, nyumba ndiyo isogee. Kumbukumbu la Torati 20 inakataza hata jeshi lililo vitani kukata miti ya matunda ya mji linaouzingira. Kama askari waliambiwa waache shoka, sisi wa kupumzika tuna udhuru gani?

Hapa nataka kuzungumza na ndugu zangu kuhusu ule mkuyu. Kuna aliyesema kwenye mkutano kwamba ukatwe kwa sababu zamani wazee walitambikia chini yake. Ninamheshimu ndugu huyo, anaipenda imani yake. Lakini sikilizeni. Nilipokuwa kijana wa moto, katika kijiji kingine, niliongoza vijana wenzangu na shoka tukaangusha mti wa namna hiyo. Tuliimba siku nzima. Miaka michache baadaye chemchemi iliyokuwa chini yake ikawa matope tu. Sisemi ni ule mti peke yake, mteremko mzima ulikuwa umelimwa mpaka ukingoni. Lakini tulianza sisi, na kwa wimbo. Akina mama wa kijiji kile walibeba mitungi mbali zaidi kwa sababu ya ushindi wetu.

Wangari Maathai aliandika jambo linalofanana na hilo katika kitabu chake cha 2006 kiitwacho Unbowed. Kwao Ihithe, Nyeri, palikuwa na mugumo karibu na kijito alichochota maji akiwa mtoto. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, akakuta mugumo umekatwa ili kupanda majani chai, na kijito kimekauka. Yule mama alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, lakini somo lake la kwanza lilikuwa mti mmoja na maji kidogo.

Mizizi ya mti mkubwa hufungua udongo, na maji ya mvua huzama badala ya kukimbia na udongo wetu. Huo si uchawi. Mti haukujiumba, na waliotambika hawakuuumba. Aliyeuumba ni Mungu wetu. Basi tuombe pale, tumshukuru Yeye, na tuuache usimame. Adamu alipewa bustani aifanyie kazi na ailinde. Hakupewa aitolee mapepo kwa shoka.

Na tusije tukapanda mikaratusi hapo kwa sababu inakua haraka. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe karibu na vyanzo vya maji, kwa sababu ya kiu yake. Pale tupande mikuyu zaidi, migunga, mikwaju, na miembe upande wa juu.

MAJI

Twende kwenye hesabu, maana imani haikatazi hesabu. Bwawa tulilochora ni mita 10 kwa 5, kina mita moja na nusu. Hiyo ni lita 75,000. Ni mitungi 3,750. Na jua la Ukambani linaweza kunyonya milimita 5 kwa siku, yaani lita 250, mitungi zaidi ya 12 kila siku inapaa hewani bila mtu kunywa. Sasa simama kwenye ile foleni ya saa kumi na moja, uwaambie wale akina mama hivyo. Mimi siwezi. Bwawa limeondoka. Yesu alibatizwa mtoni, na sisi tutabatiza pale tunapobatiza siku zote.

Vyoo vya kuvuta maji navyo. Watu 40, kila mmoja mara tano kwa siku, lita 9 kila mara: lita 1,800. Mitungi 90 ya maji safi kila siku ya kusukuma uchafu. Badala yake tujenge vyoo vikavu vilivyojengwa vizuri, vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, safi, vyenye hewa na mlango unaofungika. Viwe mbali na chemchemi, si chini ya mita 30, tena upande wa chini wa mteremko. Maji ya kuogea yaende kwenye migomba na mipapai.

Tutakunywa na kuoga nini? Mvua. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 200 za mraba, mwaka wa milimita 600, ni lita 120,000. Toa sehemu moja ya tano itakayopotea, unabaki na 96,000. Tukipokea wageni 20 kwa siku mbili kila wiki, kila mmoja lita 20 kwa siku, tunahitaji lita 800 kwa wiki, kama 42,000 kwa mwaka. Kiangazi cha Juni mpaka Oktoba ni kama wiki 20, yaani lita 16,000. Matangi mawili ya lita 10,000 yanavusha kiangazi hicho. Mwaka wa ukame tutapunguza wageni, kama vile kila nyumba ya kule inavyopunguza.

Mmeona? Kwa wageni 20 chemchemi hatuigusi. Kwa wageni 500 tungeimaliza. Kwa hiyo ukumbi wa watu 500 umeondoka pia, na hapo najua nimewaumiza wengine. Tuna ukumbi mkubwa tayari, uko mjini, na hauna shida ya watu kupumzika ndani yake kwa sababu hakuna anayepumzika humo!

Kanuni za Kenya zinataka nafasi ya mita 6 hadi 30 kando ya mto isijengwe. Nimependekeza sisi tuchukue zile 30 kuzunguka chemchemi na kijito chake, tusiweke ukuta, na njia ya akina mama ibaki wazi mchana na usiku. Na kabla ya jiwe la kwanza, ripoti ya mazingira ipelekwe NEMA inavyotakiwa. Tusiseme "ni kazi ya Mungu" ili kuruka sheria. Kazi ya Mungu ndiyo inayopaswa kutangulia kutii.

Mkumbuke Isaka katika Mwanzo 26. Walimgombania kisima, akahama. Wakamgombania cha pili, akahama. Akachimba mpaka akapata kile ambacho hakuna aliyekililia. Isaka alikuwa tajiri na mwenye haki, lakini hakutaka kunywa maji yenye ugomvi ndani yake. Hiyo ndiyo roho ninayoitaka kule.

USINGIZI

Hapa nagusa familia yangu mwenyewe. Sisi Wapentekoste tunapenda spika. Mimi nazipenda. Lakini tusemezane ukweli: kijiji kile kinalala saa tatu, watoto wanaamka alfajiri kwenda shule, na wazee wanaumwa. Tukifika na spika za kesha Ijumaa hadi Jumapili, tutakuwa tumeleta Nairobi kwa lori. Mungu anasikia mtu anayenong'ona. Hana aliyejaribu kuombea tumboni kimya kimya mpaka kuhani akadhani amelewa, na alipata mtoto.

Kwa hiyo: kule hakuna spika. Hakuna jenereta, tuweke sola ya kutosha taa na kuchaji simu ya dharura. Taa za nje ziwe chache na zitazame chini, ili mtu aone nyota alizoonyeshwa Ibrahimu. Anayetaka kulia mbele za Bwana kwa sauti, kuna nafasi mbali na nyumba za watu, mchana. Simu zibaki kwa mhudumu. Mchungaji ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitoa yake, mniombee.

CHAKULA

Mungu alimpa Eliya mkate, na kule Makueni mkate wetu ni muthokoi, mbaazi, ndengu, uji wa wimbi, asali, na maembe yakiiva. Sitaki tubebe unga na soda kutoka mjini. Kila chakula tununue kwa majirani, kwa bei ya haki, pesa taslimu siku ile ile. Wapishi wawe wa kijijini, walipwe vizuri. Majiko yawe ya kuokoa kuni. Mizinga ya nyuki iwekwe upande wa juu kwenye migunga, na asali ya kwanza iende kwa susu.

Mgeni akipenda, achukue jembe asaidie kupalilia saa moja asubuhi. Kuna magonjwa ya moyo yanayoanza kutoka pale mtu anapogusa udongo na kunyamaza. Hata hivyo dawa zako usiache nyumbani. Mimi nilimeza zangu kila asubuhi chini ya ule mkuyu, na nilimshukuru Mungu kwa mkuyu na kwa daktari.

Wapendwa, najua kuna atakayesema, "Mchungaji, umetutoa kwenye maono makubwa ukatupa vibanda na choo kikavu." Nimelifikiria sana neno hilo. Labda ni kweli kwamba mchoro wa kwanza ungepiga picha nzuri zaidi. Lakini katika Marko 6, wanafunzi walikuwa wamechoka mpaka hawana nafasi hata ya kula, na Yesu akawatoa kwa mashua kwenda mahali pasipo na kitu. Kulikuwa na majani mabichi ya kukalia. Watu wa miji ya karibu wakakimbia kwa miguu wakatangulia kufika, na Yesu hakuwafukuza ili apumzike. Aliwalisha. Pumziko la Yesu lilikuwa na nafasi ya jirani ndani yake.

Nitawaomba mambo matatu.

Kwanza, Jumapili njooni tukae baada ya ibada. Pinga, uliza, piga hesabu yangu upya. Ukiona nimekosea kwa lita, nitasahihisha.

Pili, kabla hatujapiga kura, watu kumi kati yetu twende kule, tuketi na akina mama wa foleni ile, tuwasikilize. Tusiende na mchoro. Twende na masikio, na kila mmoja abebe mtungi mmoja mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Ukishaubeba, utajua jinsi ya kupiga kura.

Tatu, usingoje Makueni. Wiki hii chagua jioni moja. Zima televisheni, punguza sauti jirani alale, keti nje hata kama ni kwenye ngazi za ploti, unywe maji yako taratibu ukimshukuru aliyeyaleta. Hapo umeanza kupumzika.

Tuombe. Baba, tumechoka, na Wewe unajua. Tupe pumziko ambalo halimwachi mwenzetu na kiu. Mbariki susu aliyetupa ardhi yake bila kutuuliza hata shilingi, na utupe aibu njema ya kumjibu swali lake. Linda chemchemi ile, linda mkuyu ule, linda migongo ya akina mama wanaobeba. Wagonjwa wa presha na waliokosa usingizi, waguse usiku huu. Katika jina la Yesu.

Kama umekubaliana nami, andika AMINA. Kama hujakubali, andika sababu yako, nitasoma zote. Nawapenda. Mlale salama.